Fumua Asili Kwanza: Kujumlisha Sehemu za Aljebra

Jioni moja ya Februari, mvua ya Uyole imekaza juu ya bati mpaka watu mnaongea kwa kupaza sauti, kijana wa Kidato cha Pili alifungua daftari mezani kwangu akanionesha kazi yake:

1/x + 1/(x + 2) = 2/(2x + 2)

"Shikamoo mwalimu. Nimejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, lakini nimekoseshwa."

"Marahaba. Hebu weka 2 mahali pa x."

Akaweka. Upande wa kushoto akapata nusu na robo, yaani robo tatu. Upande wa kulia akapata 2/6, yaani theluthi moja. Alikaa kimya kidogo, kisha akaanza kucheka mwenyewe. Alikuwa na nusu, akaongezewa robo, akajikuta amebaki na theluthi. Hata lumbesa haimpunji mkulima namna hiyo.

Kijana huyu si mzembe. Darasa la Tano alijua vizuri kwamba 1/2 na 1/4 hazijumlishwi bila kutafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika). Kilichompoteza ni mambo mawili yaliyomjia kwa pamoja. Kwanza herufi, ambazo humfanya mtoto aamini kwamba ameingia nchi nyingine yenye sheria zake. Pili lugha. Shule ya msingi ya serikali alisoma hisabati kwa Kiswahili, sekondari akakutana na Kiingereza, na ile KDS aliyoizoea ikageuka LCM bila mtu kumnong'oneza kwamba ni yuleyule, amebadili shati tu. Kwa hiyo nilirudi naye nyuma, mpaka kwenye majina.

Namba ya juu ya sehemu tunaiita kiasi, ya chini tunaiita asili. Asili inasema vipande vimetokana na mkato upi. Kiasi kinasema viko vingapi. Katika 5/12, kitu kizima kimekatwa vipande 12, nawe unavyo vitano. Katika 7/18, kimekatwa vipande 18, unavyo saba. Ukisema jumla ni vipande 12, nitakuuliza: vya mkato gani? Ni kama mama wa pale Mwanjelwa apime madebe mawili ya maharage na sado tatu, halafu aseme anazo tano. Tano za nini?

KDS nayo ni kigawe kidogo cha shirika. Watu wengi, hata wazazi wanaosimamia kazi za nyumbani, huchanganya kigawe na kigawo, ilhali tofauti imo kwenye herufi ya mwisho. Mtume ni aliyetumwa, kiumbe ni kilichoumbwa, mteule ni aliyeteuliwa. Kigawe basi ni kile kinachogawanywa. Kigawo kiko upande wa ufunguo na kifuniko: ni chombo, ndicho kinachogawanya. Kwa hiyo 36 ni kigawe cha 12, na 12 ni kigawo cha 36. Kigawe cha shirika ni namba inayokubali kugawanywa na wote bila baki. Tukiikuta iliyo ndogo kuliko zote, tumepata asili ambayo sehemu zetu zote zinaweza kuandikiwa.

Sasa hapa ndipo shule ya msingi inapomwacha mtoto njiani. Wengi wamefundishwa kupanga vigawe foleni: 12, 24, 36, kisha 18, 36, na pale foleni zinapokutana wanasimama. Njia hiyo ni nzuri kwa namba ndogo, lakini kwa herufi imekufa. Vigawe vya x + 2 havipangiki foleni mpaka vikutane na vya x. Inabaki njia moja, ya kufumua namba mpaka vigawo tasa, yaani vigawo visivyofumuka zaidi, ambayo wengi waliiona kama mapambo ya mtihani:

12 = 2 × 2 × 3
18 = 2 × 3 × 3

Kuelewa kinachofuata, fikiria kikundi cha kina mama wa Mbalizi kinachonunua vyombo vya kuazimana. Mama wa kwanza, kila akiwa na shughuli, anahitaji sufuria kubwa mbili na beseni moja. Wa pili anahitaji sufuria moja na mabeseni mawili. Shughuli zao haziangukii siku moja. Kikundi kinunue vyombo vingapi? Sufuria mbili na mabeseni mawili, basi. Anayetaka kununua sufuria tatu kwa sababu "mbili na moja ni tatu" anapoteza hela ya kikundi, maana zile mbili za mama wa kwanza zinamtosha na wa pili. Lakini ukinunua sufuria moja tu, siku ya mama wa kwanza pataharibika.

Weka 2 mahali pa sufuria na 3 mahali pa beseni. Tunahitaji 2 mara mbili na 3 mara mbili: 2 × 2 × 3 × 3 = 36. Sehemu ya kwanza inazidishwa kwa 3 juu na chini, ya pili kwa 2:

5/12 + 7/18 = 15/36 + 14/36 = 29/36

Ukizidisha asili moja kwa moja, 12 × 18, unapata 216, na jumla inakuwa 174/216. Jawabu hilo si kosa. Likirahisishwa kwa 6 linarudi 29/36. Nasisitiza hili kwa sababu kuna walimu wanaokemea kuzidisha asili kana kwamba ni dhambi. Ni kazi nzito tu, na kwa namba uzito huo unavumilika. Kwa herufi hauvumiliki, kama tutakavyoona.

Tuingie kwenye herufi zilizozidishana tu, ambazo hazina jumlisha wala toa ndani ya asili:

5/(6a²b) − 3/(4ab³)

Fumua kila asili kama ulivyofumua 12 na 18. Ya kwanza ina 2, 3, a mbili na b moja. Ya pili ina 2 mbili, a moja na b tatu. Kikundi kinanunua 2 mbili, 3 moja, a mbili, b tatu: 12a²b³. Asili ya kwanza ilikosa 2 na b mbili, kwa hiyo kiasi chake kinazidishwa kwa 2b². Ya pili ilikosa 3 na a moja, kwa hiyo kiasi chake kinazidishwa kwa 3a. Jawabu:

(10b² − 9a)/(12a²b³)

Kosa linalorudi kila mwaka hapa ni kujumlisha vipeo, mtu anaandika a³ kwa sababu kuna a mbili huku na moja kule. Huyo ni yule wa sufuria tatu. Kipeo kinachochukuliwa ni kile kikubwa kati ya vilivyopo.

Hadi hapa watoto wengi wanakwenda vizuri. Ugumu wenyewe uko mahali pamoja, nami ningependa tukae hapo: alama ya kujumlisha au kutoa ikiwa ndani ya asili.

Rudi kwa x na x + 2. Kijana aliona x kwenye zote mbili akadhani ni ndugu. Nikamwambia x + 2 ni gunia lililoshonwa mdomo. Ndani yake kuna x, ni kweli, lakini huwezi kuichomoa. Linabebwa zima au linaachwa zima. Kigawo ni kitu kilichozidishwa na vingine. Katika x + 2 herufi x haijazidishwa na chochote, imejumlishwa na 2, kwa hiyo x si kigawo cha x + 2. Jaribu kwa namba: x ikiwa 5, asili zetu ni 5 na 7. Zina undugu gani? Kwa hiyo kikundi kinalazimika kununua vyombo vyote viwili, x moja na (x + 2) moja:

1/x + 1/(x + 2) = (x + 2)/(x(x + 2)) + x/(x(x + 2)) = (2x + 2)/(x(x + 2))

Weka 2: juu 6, chini 8, robo tatu. Vema.

Kosa la pili la mdomo huohuo wa gunia ni kukata. Mtoto anafika kwenye (2x + 2)/(x(x + 2)), anaona x juu na x chini, kalamu inamwasha. Haikatwi. Juu ni 2(x + 1), chini ni x mara (x + 2), hakuna kigawo kinachofanana, basi hakuna cha kukata.

Lakini yapo magunia yanayofumuka, na hii ndiyo sababu ya kichwa cha makala hii. Tazama:

x/(x² − 9) − 2/(x² + 5x + 6)

Ukiziangalia juujuu, asili hizi hazifanani hata kidogo. Kijana wangu alitaka kuzizidisha. Nikamwacha afanye, akapata asili hii:

x⁴ + 5x³ − 3x² − 45x − 54

Akaniangalia kama mtu aliyepanda basi la Tunduma akashtukia yuko Makambako. Tukafuta, tukafumua. x² − 9 ni tofauti ya vipeo vya pili, kwa hiyo ni (x − 3)(x + 3). Kwa x² + 5x + 6 tunatafuta namba mbili zenye zao 6 na jumla 5, nazo ni 2 na 3: (x + 2)(x + 3). Ghafla undugu umeonekana. Gunia (x + 3) limo kwenye zote mbili, na linahitajika mara moja tu. Asili ya shirika ndogo ni (x − 3)(x + 3)(x + 2). Ya kwanza ilikosa (x + 2), ya pili ilikosa (x − 3):

kiasi: x(x + 2) − 2(x − 3) = x² + 2x − 2x + 6 = x² + 6

Jawabu ni (x² + 6)/((x − 3)(x + 3)(x + 2)). Angalia ile +6. Alama ya kutoa iliyo mbele ya sehemu ya pili inaigusa kila namba iliyo ndani ya mabano, si ya kwanza pekee. Asiyefungua mabano kwa makini anaandika −6, na hapo kazi yote nzuri ya asili imekwenda na maji. Ushauri wangu ni wa kizamani: andika mabano hata pale unapoona hayahitajiki. Tujaribu kwa x = 4. Swali linatoa 4/7 − 2/42, yaani 11/21. Jawabu linatoa 22/42, yaani 11/21.

Asili ya mwisho naiacha ndani ya mabano, siizidishi. Wapo wanaoifungua ili ionekane imekamilika. Wakifanya hivyo wanaficha vigawo ambavyo wangevihitaji ikiwa kiasi nacho kingefumuka na kukatwa.

Mambo mengine ni mepesi. Namba iliyojificha mbele ya mabano itolewe kwanza: 2x + 4 ni 2(x + 2), na 3x + 6 ni 3(x + 2), kwa hiyo asili ya shirika ni 6(x + 2), si zao la zote mbili. Gunia likijirudia, kipeo kikubwa kinachukuliwa kama kwa a na b:

2/(x − 1)² + 3/(x² − x)

Ya pili inafumuka kuwa x(x − 1). Asili ya shirika ni x(x − 1)², na kiasi ni 2x + 3(x − 1), yaani 5x − 3.

Kisha kuna pacha aliyegeuka mgongo. Katika 5/(x − 4) + 2/(4 − x), wengi huandika asili (x − 4)(4 − x) na kuhangaika ukurasa mzima. Lakini 4 − x ni −(x − 4). Itoe hasi nje, sehemu ya pili inakuwa −2/(x − 4), na jawabu ni 3/(x − 4). Mstari mmoja.

Mwanafunzi mmoja wa Iringa, binti mwenye maswali yasiyokwisha, aliwahi kuniuliza swali ambalo lilinifanya nifikiri njiani kurudi: tunasema kigawe "kidogo", lakini udogo wa x(x + 2) unapimwaje kama hatujui x? Ana haki. Tena x² si lazima iwe kubwa kuliko x. X ikiwa nusu, x² ni robo. Kwenye aljebra neno "kidogo" limebadilika maana polepole bila kutuaga. Halisemi tena ukubwa. Linasema kigawe hicho hakina kigawo hata kimoja cha ziada: ukiondoa chochote, mmoja wa wanachama anakosa chombo chake. Na kila kigawe kingine cha shirika utakachokitengeneza, hata kile cha x⁴, lazima kigawanyike kwa hiki bila baki. Ile x⁴ ya kijana wangu ni asili yetu ndogo iliyozidishwa kwa (x + 3) mara moja zaidi. Hicho tu ndicho kilichokuwa cha ziada, na kilimchosha kiasi kile.

Swali la haki kutoka kwa mzazi ni kwamba haya yote yanatokea wapi nje ya daftari. Yanatokea kila mwendo unapobadilika njiani, kwa sababu muda ni umbali uliogawanywa kwa mwendo, na mwendo tusioujua unakaa chini, kwenye asili. Chukua Fuso inayopandisha mchele kutoka Kyela kuja Tukuyu, kisha inateremka tupu. Nijaalie umbali wa kilomita 60 ili hesabu isitusumbue, kwenda na kurudi ikichukua saa 5, na kuteremka ikizidi kupanda kwa kilomita 10 kwa saa. Mwendo wa kupanda tuuite v:

60/v + 60/(v + 10) = 5

Asili ya shirika ni v(v + 10). Lakini sasa angalia tofauti ambayo inawaangusha watahiniwa wengi. Kwenye maswali ya juu tulikuwa na sehemu bila alama ya sawasawa ya kufuata, tukaibeba asili mpaka kwenye jawabu. Hapa tuna mlinganyo, na mlinganyo una pande mbili. Tukizidisha pande zote kwa v(v + 10), asili zinakatika zote na kuondoka:

60(v + 10) + 60v = 5v(v + 10)
120v + 600 = 5v² + 50v
v² − 14v − 120 = 0
(v − 20)(v + 6) = 0

Gari lilipanda kwa kilomita 20 kwa saa, saa 3, likateremka kwa 30, saa 2. Ile −6 tunaiacha, hakuna Fuso inayopanda kwa mwendo hasi. Mtoto akishazoea kufuta asili hivi, huanza kuzifuta hata kwenye swali lisilo na mlinganyo. Anajumlisha sehemu mbili vizuri kabisa halafu anaandika kiasi peke yake. Anakuwa amezidisha jawabu kwa asili nzima bila ruhusa ya mtu.

Na kwa kuwa tunaondoa asili, kuna mtego mmoja wa mwisho ambao nilimpa kijana kabla mvua haijakatika:

x/(x − 3) = 3/(x − 3) + 2

Asili ya shirika ni x − 3. Zidisha kote: x = 3 + 2(x − 3), yaani x = 2x − 3, yaani x = 3. Akapigia mstari jawabu mara mbili, ameridhika. Nikamwambia afanye kilekile alichofanya mwanzo: aweke 3 mahali pa x. Asili zote zikawa 0. Akafuta mstari mmoja, akaacha wa pili, akaniuliza kama inaruhusiwa kuandika kwamba swali halina jawabu. Nikamwambia inaruhusiwa, na alama atapewa.